Stovu na karabai kuukuu zinapogoma: pa kuanzia

Stovu nyingi za pampu zinazoishia kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu hapa Mombasa hazina ugonjwa wa maana. Ngozi ya pampu imekauka, mpira wa vali umekuwa mgumu, tundu la nozeli limeziba. Shaba yenyewe bado nzima. Mwenyewe aliwasha siku moja, ikatema moto wa njano karibu ufike darini, akaapa haigusi tena, na sasa inauzwa kwa kilo pamoja na mabomba ya maji.

Nimepanga haya kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo kitu cha kwanza utakachokiona. Yanahusu hasa stovu za mtindo wa Primus, zile zenye tangi la shaba, miguu mitatu na pampu ubavuni, pamoja na karabai za mtindo wa Petromax. Fanusi ya utambi nitaigusia tu, maana haina mengi.

Kwanza ijue njia ya mafuta. Hewa unayoipiga kwa pampu hukaa juu ya mafuta ndani ya tangi na kuyasukuma yapande mrija wa katikati. Yakifika kichwani hupita kwenye mirija iliyopata moto, yakageuka mvuke, yakafyatuka kwenye nozeli ambayo tundu lake ni kama thuluthi ya milimita, yakavuta hewa ya nje na kuwaka buluu bila masizi. Frans Wilhelm Lindqvist alianza kuziunda Stockholm mwaka 1892, na stovu iliyotengenezwa miaka sitini baadaye hufuata mpango uleule. Kwa hiyo hitilafu huwa iko pahala pamoja kati ya patatu: hewa haikai, kichwa hakijapata moto, au njia imeziba. Anza na hewa. Wengi huanza kwa kung'ang'ana na kichwa kwa spana, wakavunja kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Unapiga pampu, mkono hausikii uzito

Hii ni ngozi. Fungua kofia ya pampu uvute fimbo yake. Mwishoni pana kikombe kidogo cha ngozi, mdomo umeelekea chini, upande wa tangi. Kikikauka husinyaa, kisiguse kuta za silinda, na hewa yote hupita pembeni. Usikitupe. Kitie kwenye mafuta ya cherehani au oili safi ya injini usiku kucha, asubuhi ukikande kwa vidole na kuupanua mdomo. Ukikirudisha, kizungushe polepole huku ukisukuma ili ukingo usijikunje. Ukingo uliojikunja ni sawa na kutokuwa na ngozi kabisa. Mafuta ya kupikia usiyatumie, yanageuka ulimbo, na kwa joto letu hayachukui muda.

Kama kimepasuka, kata kingine. Fundi viatu atakupa kipande cha ngozi halisi chenye unene wa milimita mbili hivi. Kata duara linalozidi upana wa silinda kwa sentimita moja, toboa katikati, loweka kwenye maji ya uvuguvugu hadi ilegee. Kisha tafuta kipande cha bomba chenye upana wa ndani sawa na wa pampu, uisukume ngozi ndani yake kwa boliti butu mpaka ikunjike iwe kikombe. Iache humo ikauke kabisa, hata kama ni siku mbili, kwani ukiitoa mbichi hufunguka tena. Ikishashika umbo, nyoosha ukingo kwa wembe, itie mafuta, ifunge. Pampu yenye ngozi nzuri utaijua kwa mkono: kila pigo laongeza ukinzani.

Ngozi ni nzima na hewa bado haikai? Basi inavuja kwingine. Tangi likiwa tupu, ondoa kichwa, ziba mrija wa katikati kwa kofia yenye uzi unaolingana, piga pampu kidogo, kisha pakaza povu la sabuni kwenye kofia ya mafuta, skrubu ya hewa na mshono wa chini. Au litumbukize tangi zima kwenye ndoo ya maji. Mapovu yatakuonyesha. Mara nyingi ni washa, yaani pete ya kubania, ya kofia ya mafuta, iliyobanwa miaka mingi hadi ikaacha mfereji. Kutafuta mvujo kwa njiti ya kiberiti nimewaona watu wakifanya, na sina la kusema ila kwamba usifanye.

Mpini wa pampu unapanda wenyewe

Hapa simama. Usiwashe.

Chini kabisa ya silinda ya pampu pana vali ndogo inayoruhusu hewa iingie tangini isirudi. Ndani yake pana springi na kibonge cha mpira au kizibo. Kibonge kikichakaa, presha ya tangi husukuma pampu nyuma, mpini unapanda taratibu kama unaoinuliwa na mtu, na nyuma ya hewa huja mafuta. Stovu ikiwa inawaka, mafuta hayo yatachuruzika au kuruka kutoka kwenye pampu, na moto uko karibu. Ajali nyingi za stovu hizi huanzia hapo, si kwenye kichwa.

Kuitoa vali kwataka ufunguo mrefu wa kazi hiyo, wenye ncha inayoingia kwenye mkato wa vali. Ukitumia bisibisi pana utalegeza mara moja tu. Mara ya pili umeharibu mkato na vali haitoki tena. Fundi wa leith, mashine ya kuchongea chuma, anaweza kukuchongea ufunguo kutoka kwenye kipande cha nondo, na utakuhudumia kwa stovu zote utakazozipata. Ikishatoka, ifungue, safisha kiti cha kibonge, tazama springi. Kwa sisi tuliokaa na hewa ya bahari, springi ya chuma ikishapata kutu huwa imepoteza nguvu hata kama haijakatika. Ibadilishe.

Kibonge kipya kisikatwe kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira ule hunywa mafuta ya taa, hufura, na baada ya wiki chache unarudi ulikoanza. Nunua oringi au kipande cha mpira wa mafuta kwa wauza vipuri vya magari, ule unaotengenezwa kustahimili petroli na dizeli. Bei yake ni ndogo na utadumu. Funga, piga pampu bila kuwasha, uiache stovu nusu saa huku ukiutazama mpini. Usipotikisika, umepona.

Moto wa njano, mrefu, wenye moshi

Mafuta yanatoka yakiwa bado majimaji, hayajawa mvuke. Fungua skrubu ya hewa hapohapo, presha itoke, moto utashuka wenyewe. Usimwage maji juu yake na usijaribu kupiga pampu zaidi ukidhani moto utabadilika rangi.

Mafuta ya taa huanza kugeuka mvuke kwenye joto la takriban nyuzi 150, kwa hiyo kichwa lazima kipashwe kwanza kwa spiriti kwenye kile kikombe kilicho chini yake. Jaza kikombe, washa, subiri. Spiriti inapokaribia kwisha ndipo ufunge skrubu ya hewa na kupiga pampu mara chache. Watu wana haraka: wanatia nusu kikombe, wanapiga pampu moto wa spiriti ukiwa bado mkubwa, halafu wanailaumu stovu.

Ukifanya yote sawasawa na bado njano, tazama kikombe baada ya spiriti kuzima. Kimebaki na maji? Basi spiriti uliyouziwa imezimuliwa. Kilichowaka ni nusu yake, na nusu nyingine imekipoza kichwa badala ya kukipasha. Badilisha duka.

Upepo nao ni mhusika mkuu wa pwani. Wakati wa kusi, ukiwa ufukweni Nyali au Diani, moto wa spiriti unalala upande mmoja na kichwa kinapata joto nusu. Kinga kwa bati lililokunjwa, lakini usilizungushe tangi lote. Tangi likipata joto, presha hupanda bila wewe kupiga pampu. Gusa tangi kila mara. Likiwa la kukuunguza mkono, ondoa kinga.

Sababu ya mwisho ya moto wa njano ni tundu la nozeli kupanuka, na karibu kila mara limepanuliwa na mtu aliyezibua kwa sindano ya kushonea. Sindano ya stovu ni waya mwembamba kuliko tundu. Ya kushonea ni kabari. Nozeli iliyopanuka haina dawa. Nunua nyingine, uhakikishe ni ya mafuta ya taa.

Buluu, lakini dhaifu au imeegemea upande mmoja

Choma nozeli kwa sindano ya stovu, ukiishika wima. Ikiwa kichwa ni cha kunguruma, tazama pia kile kisahani kinachokaa juu ya nozeli kutawanya moto: kikiwa kimepinda au hakijakaa katikati, moto huegemea. Vichwa vya kimya vina kofia mbili, ya ndani na ya nje, zenye matundu mengi. Tundu likiziba kwa masizi au kwa uji uliofurika, moto unapungua upande huo. Kwa kuchemsha taratibu, cha kimya ni bora. Ufukweni mimi nachukua cha kunguruma, maana upepo hauuzimi moto wake kirahisi, ingawa majirani watajua unapika chai.

Nozeli safi na moto bado dhaifu maana yake mirija ya kichwa ina kaboni ndani. Hapa kazi ni ya moto na maji. Toa nozeli, pasha kichwa kwa moto mkali mpaka kiwe chekundu hafifu, kisha kitumbukize kwenye ndoo. Kaboni hupasuka na kuachana na shaba. Kigonge kwenye ubao, utaona unga mweusi na vigamba vikitoka kwenye mrija. Rudia hadi maji yatoke safi. Usikipashe hadi kikakaribia manjano, kwani viungo vya mirija vitaachia.

Kaboni ikirudi upesi, kosa liko kwenye mafuta. Tangu ushuru wa shilingi 18 kwa lita uwekwe mwaka 2018 ili kuwazuia watu kuchanganya mafuta ya taa na dizeli, bei ya mafuta ya taa ilisogea karibu na ya dizeli, na si kila kituo kinauza. Ukinunua kwenye chupa kando ya barabara, jaribu tone moja kwenye karatasi nyeupe. Mafuta safi ya taa hunyauka na kuacha alama hafifu. Yaliyochanganywa na dizeli huacha doa la grisi hata kesho yake.

Inapumua, inatatarika, inafifia na kurudi

Maji tangini. Ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini, na mrija wa katikati hunyonya kutoka chini. Unyevu wa hapa kwetu unatosha kuyaleta kwenye jerikeni isiyofungwa vizuri. Mwaga mafuta yote kwenye chupa ya kioo, uyaache yatulie. Maji yataonekana kama lulu chini ya chupa. Mimina ya juu polepole kupitia kitambaa, ya chini yaache. Tangi lisukutwe kwa mafuta kidogo, si kwa maji. Unapojaza, usipite robo tatu, kwani hewa nayo yataka nafasi yake.

Moto unatoka chini ya kichwa

Kati ya kichwa na mrija pana washa ya risasi. Ikichoka, mvuke unapenya na kuwaka pale shingoni. Zima, tia washa mpya, kaza. Kisha baada ya kuwasha mara ya kwanza na kuzima, kaza tena kichwa kikiwa bado na joto. Nawa mikono baada ya kushika risasi, hasa kabla ya kula mahamri yako.

Karabai

Mambo ya hewa, vali na maji ni yaleyale, kwa hiyo kama karabai haishiki presha rudi juu. Yake peke yake ni soksi, kile kijifuko cha kitambaa kinachong'aa. Karabai haina moto wa kuonekana ikiwa imewaka sawa. Mwanga wote ni wa soksi iliyopashwa. Carl Auer von Welsbach, kemia wa Austria, ndiye aliyeitoa fikra hiyo, akasajili hataza yake mwaka 1885. Kwa miaka mingi soksi zilitiwa thoriamu, ambayo ina mionzi hafifu. Ukikuta soksi za zamani dukani kwa mzee wa Mji wa Kale, zitumie ukitaka, ila usiwashe ndani ya chumba kilichofungwa mara ya kwanza, na usipulize majivu yake.

Soksi ina doa jeusi: mvuke ni mwingi kuliko hewa. Zungusha gurudumu la pembeni mzunguko mmoja wa haraka, sindano ya ndani ipande na kushuka, izibue nozeli. Doa likianza kupungua na kuungua lenyewe, ndiyo hiyo. Lisipopungua, presha ni ndogo au nozeli imepanuka, au umbali kati ya nozeli na mdomo wa mrija wa kuchanganyia umebadilishwa na fundi aliyepita.

Soksi inatoboka upande mmoja: zima sasa hivi. Kutoka kwenye tundu hilo moto huchomoza kama kisu na kupiga chemni pahala pamoja hadi ipasuke, na chemni siku hizi ni ghali kuliko soksi kumi. Kwa kawaida ni mdudu aliyejigonga, au uzi uliofungwa bila kusambaza mikunjo. Ukiifunga soksi mpya, gawanya mikunjo sawa pande zote, iache ikaushwe na moto wa spiriti mpaka iwe majivu meupe, na kuanzia hapo usiiguse. Hata kuitua taa kwa kishindo kunatosha kuivunja.

Taa inanguruma, soksi imefifia, na juu kofia inakuwa nyekundu: moto umerudi ndani ya mrija wa kuchanganyia. Uliwasha kabla haijapata joto, au kinywa cha udongo kinachoshika soksi kimelegea au kina ufa. Zima, ipoe, kaza au badilisha. Kibomba cha kupashia kinachotumia mafuta ya tangi lenyewe ni kizuri pale spiriti inapokosekana, lakini kina vali yake inayochakaa na kunuka. Kama taa ni ya kwako na huna haraka, jaza kikombe cha spiriti mara mbili.

Vipuri vya karabai za Kichina huingia kwenye nyingi za mtindo wa Kijerumani, ingawa si zote. Wavuvi wa omena wa Ziwa Victoria walizitumia kwa wingi kabla ya taa za sola kuanza kuchukua nafasi, na ndiyo sababu soksi na nozeli bado hupatikana. Tilley za Uingereza ni habari nyingine: mrija wa kuvukizia hubadilishwa mzima, wala hauzibuliwi, na wa Petromax hauingii.

Hakuna kinachofunguka

Chumvi ya bahari. Usigonge. Tia mafuta ya kulegeza kutu, uache siku nzima, pasha kiungo kwa maji ya moto, jaribu, tia tena. Shaba ni laini. Nyuzi zake zikishaliwa hazirudi. Kwa usafi wa nje, ukwaju au ndimu yenye chumvi hung'arisha vizuri, ila suuza sana baadaye. Dawa za kung'arishia zenye amonia sizipendi kwenye tangi la presha, kwani amonia huipasua shaba iliyobanwa, nyufa nyembamba zisizoonekana mpaka siku ya kupiga pampu. Kwa sababu hiyohiyo, stovu iliyokaa bandani mwa kuku itazame mara mbili.

Fanusi ikitoa moshi upande mmoja, utambi umekatwa mshazari. Ukate sawasawa, punguza pembe zote mbili kidogo, usiuinue sana. Ikifa kila upepo unapogusa, mirija ya pembeni imeziba kwa kutu au buibui.

Za petroli, na zisizofaa tena

Stovu kama Svea 123 na taa nyingi za Coleman ziliundwa kwa petroli nyepesi. Za mafuta ya taa hazikuundwa hivyo. Kutia petroli kwenye stovu ya pampu ya mafuta ya taa, hata kidogo cha "kuichangamsha", ni kutengeneza bomu. Petroli hutoa mvuke kwenye joto la kawaida la chumba, na presha iliyokuwa salama haiwi salama tena. Ukinunua stovu usiyoijua historia yake, nusa tangi kabla ya jambo lolote. Na iwe ya mafuta gani, usiiwashe ndani ya hema lililofungwa; gesi ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu.

Tangi lililobenuka chini, ambalo likiwekwa mezani layumba, lilipata presha kupita kiasi siku moja na shaba imeshachoka. Vivyo hivyo lenye ufa kwenye mshono au lililozibwa kwa gundi. Kulehemu tangi la mafuta ni kazi ya mtu anayejua kulisafisha na kulijaza maji kwanza, na hata yeye huenda akakataa. La namna hiyo ling'arishe uliweke kabatini, lakini toa vali ya pampu na nozeli uzitie kwenye boksi la vipuri, ili mjukuu asije akaliona na kulijaza mafuta.